Uhuria, Usalama na Faragha katika Mifumo Endeshi Mbadala ya Simujanja: Mfano wa GrapheneOS

1.0 Utangulizi

Mfumo endeshi ndio unaoamua programu-tumizi ipi ifikie kamera, maikrofoni, mafaili au mtandao wa simu. Simujanja nyingi duniani hutumia Android, mfumo uliojengwa juu ya kiini cha Linux na ambao sehemu yake ya msingi hutolewa na Google kwa leseni huria. Hata hivyo, simu inayomfikia mnunuzi huwa imekwisha kuongezewa programu za Google na za mtengenezaji, ambazo aghalabu si huria na ambazo baadhi yake mtumiaji hawezi kuziondoa. Liu, Patras na Leith (2021) walichunguza simu za Samsung, Xiaomi, Huawei na Realme, wakabaini kuwa zilituma data nyingi kwa watengenezaji na kwa kampuni nyingine hata zilipokuwa hazitumiki. Katika uchunguzi huo, mfumo wa /e/OS ndio uliotofautiana nazo kwa kiasi kikubwa.

Matokeo hayo huwavuta baadhi ya watumiaji kuelekea mifumo mbadala. Makala haya yanafafanua utendaji wa mmoja wa mifumo hiyo, GrapheneOS, kwa kutenganisha dhana tatu ambazo mara nyingi huchanganywa: uhuria, usalama na faragha. Hoja kuu ni kwamba uhuria wa msimbo peke yake haumlindi mtumiaji. Swali la msingi ni nani anayeshika ufunguo wa kuuthibitisha mfumo.

2.0 Uhuria si Kinga

Kiswahili hutenganisha wazi maneno "bure" na "huria". Programu ya bure hailipiwi. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake waweza kusomwa, kurekebishwa na kusambazwa. Lakini huria ni ruhusa ya kukagua, si ushahidi kwamba ukaguzi umefanyika.

Mfano mzuri ni LineageOS, mradi uliorithi CyanogenMod mwishoni mwa mwaka 2016. Mfumo huu huria huzipa uhai simu kuukuu zilizoachwa na watengenezaji wake. Hata hivyo, katika simu nyingi huendeshwa huku kufuli la programu ya uanzishaji likiwa limefunguliwa. Kwa hiyo, mtu akiitwaa simu hiyo anaweza kubadili sehemu za mfumo bila simu yenyewe kung'amua. Aidha, mtumiaji akiziongeza programu za Google kwa mamlaka yake ya kawaida, uhusiano aliotaka kuukata hurejea.

3.0 Utendaji wa GrapheneOS

Mradi huu ulianzishwa na Daniel Micay mwaka 2014, ukajulikana kwa jina la CopperheadOS. Baada ya mgogoro wa mwaka 2018 kati yake na mshirika wake, kazi iliendelea, na mwaka 2019 ikapewa jina la GrapheneOS. Umejengwa kwa ajili ya simu za Google Pixel, kwa kuwa simu hizo huruhusu kufuli lifungwe tena kwa ufunguo wa mfumo mwingine. Pia hupokea masasisho kwa muda mrefu: kuanzia Pixel 8 ya mwaka 2023, Google iliahidi miaka 7.

Usakinishaji una hatua nne. Kwanza, mtumiaji huruhusu ufunguaji katika mipangilio ya simu. Pili, hufungua kufuli, tendo linalofuta data zote. Tatu, hupakia mfumo kupitia kebo ya USB na kivinjari cha kompyuta. Nne, hulifunga kufuli upya. Hatua ya mwisho ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi, kwani tangu hapo simu huhakiki saini ya mfumo kila inapowashwa. Anayeiruka hubaki na mfumo huria usio na kinga hiyo.

Kwa upande wa faragha, GrapheneOS huja bila huduma za Google. Anayezihitaji huzisakinisha kama programu-tumizi za kawaida, ndani ya uzio ule ule unaozibana programu nyingine, bila mamlaka ya pekee. Mtumiaji anaweza pia kuinyima programu yoyote ruhusa ya mtandao, au kuionyesha mafaili na majina machache tu aliyoyateua. Simu isipofunguliwa kwa saa 18 hujiwasha upya, na data za mtumiaji hurudi katika hali ya kufungwa kwa usimbaji.

4.0 Mipaka

Mpaka wa kwanza ni mtandao wa simu. Kampuni ya simu hujua mnara unaoihudumia laini na namba zinazopigiwa. Nchini Tanzania, ambako laini husajiliwa kwa alama za vidole, hakuna mfumo endeshi unaoweza kuuondoa uhusiano huo kati ya laini na mwenyewe. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, hutumika kupitia menyu ya laini bila kutegemea huduma za Google. Kwa hiyo mtumiaji wa mfumo mbadala hakosi huduma hiyo, lakini kumbukumbu za miamala yake hubaki kwa mtoa huduma.

Mpaka wa pili ni uthibitisho. Baadhi ya programu za benki huiuliza huduma ya Google kama simu ina mfumo ulioidhinishwa. GrapheneOS haijaidhinishwa, hivyo yaweza kukataliwa hata kama kufuli limefungwa na masasisho ni ya karibuni, ilhali simu iliyoidhinishwa lakini iliyokosa masasisho kwa muda mrefu yaweza kukubaliwa. Wasanidi wa GrapheneOS hupendekeza benki zitumie uthibitisho wa maunzi uliomo ndani ya Android yenyewe, ambao huwezesha kuutambua ufunguo wa mfumo mbadala.

Mpaka wa tatu ni kifaa chenyewe. Anayejitenga na huduma za Google hulazimika kununua simu ya Google, na programu ya ndani ya modemu yake si huria. Mnunuzi wa simu iliyotumika hukabiliwa na tatizo jingine: baadhi ya matoleo yaliyouzwa na kampuni za simu za Marekani hayaruhusu kufuli kufunguliwa.

5.0 Hitimisho

Mifumo mbadala haipaswi kupimwa kwa uhuria wake pekee. LineageOS na GrapheneOS zote ni huria, lakini hutofautiana katika ulinzi kwa sababu ya kufuli moja. Vilevile, GrapheneOS humpa mtumiaji mamlaka juu ya programu zilizomo ndani ya simu, si juu ya minara, laini wala masharti ya benki. Maadamu uamuzi wa simu ipi iaminiwe umo mikononi mwa kampuni moja, mtumiaji aweza kuwa na simu salama zaidi na bado akafungiwa mlango wa huduma anazozihitaji.