Kinasaba, kurithi, mseto: maneno ya majaribio ya tiba ya saratani

Mzazi wa Njoro, mjini Moshi, anapoombwa kumwandikisha mwanawe katika majaribio ya tiba ya saratani, hupewa kwanza fomu ya ridhaa. Maneno yafuatayo, yakifasiriwa vibaya, huweza kupotosha uamuzi wake.

Kinasaba na kurithi. Neno 'nasaba' lina maana ya ukoo au asili ya mtu. Kutokana nalo limeundwa 'kinasaba' (wingi 'vinasaba'), kwa maana ya jeni. Kwa sababu ya asili hiyo, 'saratani ya kinasaba' husikika kama ugonjwa wa ukoo, na familia huweza kuanza kutafuta lawama upande wa mama au wa baba. Hata hivyo, si kila saratani inayohusiana na jeni hurithiwa. Limfoma ya Burkitt, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza kutoka Uganda mwaka 1958, huhusiana na jeni ya MYC: mara nyingi kipande cha kromosomu ya 8 huhamia kwenye kromosomu ya 14. Hitilafu hiyo hutokea ndani ya seli za mgonjwa mwenyewe. Mtoto hakuipokea kwa wazazi. Kinyume chake, hitilafu katika jeni za BRCA1 na BRCA2, zinazohusiana na saratani ya matiti na ya ovari, yaweza kupitishwa na mama au baba kwa mtoto. Hiyo ndiyo inayostahili kuitwa 'saratani ya kurithi'. Ile ya kwanza iitwe 'saratani itokanayo na mabadiliko ya jeni'.

Mseto. Kwa asili ni chakula cha mchele na choroko vilivyopikwa pamoja. Maana imepanuka: 'kilimo mseto', mfano wa migomba na kahawa katika vihamba vya miteremko ya Kilimanjaro, 'serikali ya mseto', 'dawa mseto' ya malaria. 'Tiba mseto' ni matumizi ya dawa mbili au zaidi kwa mpango mmoja. Katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati zilijaribiwa kwa pamoja dhidi ya limfoma ya Burkitt. 'Mchanganyiko wa dawa' si kosa, ila msomaji aweza kudhani kwamba dawa hutiwa katika chupa moja.

Jaribio. Wingi wake ni 'majaribio'. 'Majaribu' ni wingi wa 'jaribu', yaani mateso au vishawishi. 'Kufanyiwa majaribio' humgeuza mgonjwa kuwa kitu. 'Kushiriki katika majaribio' huonyesha hiari yake, pamoja na haki ya kujitoa wakati wowote.

Mfano: 'Mwanao anaalikwa kushiriki katika majaribio ya tiba mseto ya saratani itokanayo na mabadiliko ya jeni. Mabadiliko hayo hakuyarithi.'