Sheli Iko Mbali, Chupa Iko Mlangoni

Mwendesha bodaboda aingiapo katika kituo cha mafuta, ambacho watu wa Mbinga, kama Watanzania wengine, hawakiiti ila sheli, kwa jina la kampuni moja ya ng'ambo lililoenea hata likawa jina la vituo vyote, hukuta ameandaliwa makatazo kabla hajaandaliwa mafuta: zima injini, shuka chini, mshushe abiria, zima simu, usivute sigara, kidumu marufuku. Makatazo hayo yamechorwa nguzoni kwa rangi nyekundu, na mengi miongoni mwake yana hoja. Lakini yametungwa na watu waliokuwa wakiifikiria motokaa, na gharama ya kuyatii, ambayo kwa mwenye gari haihesabiki, kwa mwenye pikipiki hulipwa kila siku kwa dakika, kwa jasho na kwa shilingi.

Asubuhi moja ya msimu wa kahawa nilipakiwa na kijana mmoja wa Matiri, kata ya Wilaya ya Mbinga katika Mkoa wa Ruvuma, tukaingia katika kituo ambacho sitakitaja jina. "Dada, habari za asubuhi. Niwekee ya elfu tatu," kijana akasema. "Njema, kaka. Shuka kwanza, na mzee naye ashuke." Nikashuka. Kijana akafungua mipira iliyofunga mfuko wa mbolea nyuma ya kiti, maana pikipiki iliyolemewa haisimami imara juu ya stendi yake, akautua chini, akaushika usukani. Na alipokuwa tayari, mhudumu alikuwa amekwisha kuitwa na dereva wa lori, nasi tukabaki kuhesabu lita za mwenzetu. Zamu yetu iliporudi, kijana alitoa kidumu cha lita tano alichotumwa na mama mmoja wa kijijini mwenye mashine ya kupukuchulia mahindi. "Kidumu hatuweki, kaka. Tutafungiwa kituo." Hakubisha. Katika kurudi, alisimama penye meza ya miti kando ya njia, palipopangwa chupa za maji zilizojazwa petroli, akakijaza kidumu kile kile kwa bei iliyozidi ya mjini, pasina bango la bei, pasina stakabadhi, na hatua chache tu kutoka jiko la mkaa la mchoma mahindi.

Sheria ilikuwa imetiiwa sheli, na petroli ilikuwa imefika kidumuni vile vile. Hatari haikuondolewa, ilihamishwa kutoka mahali penye mchanga wa kuzimia moto na mtu aliyefunzwa, ikapelekwa mahali pasipo na moja wala la pili.

Kutoka gatini hadi mlimani

Petroli ya Mbinga hufika ikiwa imekwisha kusafiri sana. Huagizwa kwa utaratibu wa pamoja, unaosimamiwa na Wakala wa Uagizaji wa Mafuta kwa Pamoja, PBPA, ikashushwa katika bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Na kwa kuwa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa ya kusini, bei yake hukadiriwa kwa mujibu wa shehena zinazoshushwa Mtwara, ambako malori ya tangi hutoka yakapita Masasi, Tunduru, Namtumbo na Songea, safari ya zaidi ya kilomita 700, hata yakafika Mbinga, nchi ya Wamatengo. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutangaza bei kikomo ya kila wilaya, nayo hupanda kadiri wilaya ilivyo baidi na bandari. Mwenye kituo ana ruhusa ya kuuza chini ya kikomo hicho, hana ruhusa ya kukivuka, na ni lazima aitundike bei yake juu ya bango linaloonekana na mpita njia.

Msafara huo wote, wa meli, bohari na malori, hukoma katika noti ya elfu mbili au elfu tatu mkononi mwa kijana wa bodaboda, ambaye hanunui kwa lita bali kwa shilingi. Agosti 2022, vita vya Ukraine vilipokuwa vimelivuruga soko la dunia, bei kikomo ya petroli katika Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410 kwa lita, ijapokuwa Serikali ilikuwa ikitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba elfu tatu, hata huko bandarini, haikutimiza lita moja, seuze mlimani ambako nauli ya lori imekwisha kuongezwa. Bajeti ya mwaka 2023/24 nayo ikaongeza tozo ya shilingi 100 juu ya kila lita ya petroli na dizeli. Mwenye gari huhisi nyongeza kama hizo mwisho wa mwezi. Mwenye pikipiki huzihisi kabla ya saa sita mchana, kwa sababu noti yake haikuongezeka, bali safari zake ndizo zilizopungua.

Lazima msomaji aijue pia hesabu. Vijana wengi hawamiliki vyombo wanavyoviendesha. Chombo ni cha mtu mwingine, ambaye kijiweni huitwa tajiri hata kama utajiri wake wote ni pikipiki hiyo moja, na dereva humpelekea kila jioni kiasi walichoafikiana, ndiyo hesabu, ama kwa kudumu, ama kwa mkataba ambao ukitimizwa bila kukosa humfanya dereva awe mwenye chombo. Hesabu haiulizi kama sheli palikuwa na foleni. Basi robo saa iliyopotea pampuni haitoki katika faida ya tajiri wala ya mwenye kituo. Hutoka katika chakula cha dereva. Hii ndiyo sababu manung'uniko ya watu hawa, ambao katika Songea huitwa pia yeboyebo, huwa makali juu ya mambo ambayo mtu wa nje angeyadhani kuwa madogo.

Makatazo na hoja zake

Hata hivyo, itakuwa dhuluma kuyalaani makatazo pasipo kusikiliza hoja zake. Petroli haingoji joto ili itoe mvuke wa kuwaka. Hutoa mvuke huo hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke wenyewe, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, haupai ukapotea bali hutambaa chini ukitafuta cheche. Katika motokaa, mdomo wa tangi uko mbali na injini, na abiria wamekaa ndani ya bati. Katika pikipiki, tangi limekaa juu ya injini iliyotoka kupanda mlima, na mpanda chombo amelipakata kama mama apakatavyo mtoto. Fauka ya hayo, bomba la pampu limeundwa lijifunge lenyewe mafuta yanapopanda katika shingo ndefu ya tangi la gari, ilhali tangi la pikipiki halina shingo; mhudumu hana budi kumimina polepole na kukisia kwa jicho, na akighafilika kidogo, petroli humwagika juu ya chuma cha moto. Aambiwaye ashuke, basi, haambiwi kwa kiburi: mtu aliyesimama anaweza kuruka nyuma, na aliyekaa hawezi.

Katazo la simu ni dhaifu zaidi kuliko yote. Taasisi iitwayo Petroleum Equipment Institute ya Marekani, ilipokusanya habari za mioto ya vituoni, ilikuta kwamba kisababishi kilichothibitika ni umeme tuli, ule unaojikusanya mwilini mtu aingiapo na kutoka katika kiti cha gari, wala haikupata moto mmoja uliothibitika kuwashwa na simu. Madereva wetu hawakuisoma taarifa hiyo, lakini wana hoja yao wenyewe, nayo ni kwamba chini ya bango lisemalo zima simu aghalabu hubandikwa jingine lenye namba ya kulipia kwa simu. Na mtu aambiwaye mambo mawili yanayopingana kwa rangi moja ya wino hujifunza kutoyaamini yote mawili, hata lile la kushuka, ambalo ndilo la kumwokoa.

Ama katazo la kidumu, historia ya nchi zetu imelitia muhuri wa moto. Tarehe 31 Januari 2009 huko Sachangwan, karibu na Molo katika Kenya. Tarehe 2 Julai 2010 huko Sange, katika Kivu ya Kusini. Na tarehe 10 Agosti 2019 huko Msamvu, Morogoro: mara tatu lori la mafuta lilianguka, mara tatu watu wakakimbilia na vidumu na ndoo, na kila mara waliokufa walizidi mia moja. Wa Msamvu, wengi wao walikuwa vijana wa bodaboda. Taifa liliomboleza na kuwahimiza watu wasikaribie mafuta yaliyomwagika, na himizo hilo lilikuwa la haki. Lakini anayeishi kwa petroli ya elfu tatu kila asubuhi ataiona petroli ya bure kwa jicho jingine kabisa.

Mhudumu naye asilaumiwe. Mwaka 2017 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilivifunga vituo kadhaa nchini kwa kukosa mashine za stakabadhi zilizounganishwa na pampu, na mwaka 2023, mafuta yalipoadimika, EWURA ilizisimamisha leseni za vituo vilivyotuhumiwa kuficha bidhaa. Aliyeona jirani yake akifungiwa hatahatarisha mshahara wake kwa ajili ya kidumu cha mama asiyemjua.

Biashara ya chupa

Kwa hiyo petroli ya vijijini imejitafutia njia yake, nayo ni chupa. Mwuza chupa hana leseni, na katika macho ya sheria ni mkosaji. Lakini katika macho ya kijiji ni mtu wa msaada, kwa kuwa amekwenda mjini kwa niaba ya wengi na kuwaokolea nauli. Tuchukue mfano: pikipiki yenye injini ya ukubwa wa cc 125 au 150 hutembea kilomita 40 hivi kwa lita moja, basi anayekaa kilomita 20 kutoka sheli, akienda kununua lita mbili, ataichoma lita moja njiani kwenda na kurudi. Mwuza chupa anaweza kumwongezea nusu ya bei, na mnunuzi akawa bado amepata faida. Wala asidhani mtu kwamba biashara hiyo inatokana na tamaa tu. Umbali wenyewe ndio mtaji wake.

Hasara iko kwingine. Zamani hofu kubwa ilikuwa uchakachuaji, yaani kuchanganya petroli au dizeli na mafuta ya taa, ambayo kodi yake ilikuwa ndogo. Lakini Serikali ilianza kutia vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikaipandisha kodi ya mafuta ya taa, hata leo yanaweza kuuzwa ghali kuliko petroli yenyewe, na mwizi hachanganyi cha rahisi na cha ghali. Kilichobaki ni kipimo na moto. Pampu ya sheli hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kutiwa lakiri. Chupa ya maji haikaguliwi na yeyote, na upungufu wa vidole viwili shingoni hauonekani gizani. Na usiku, chupa zisizouzwa huingizwa ndani ya nyumba ile ile wanamolala watoto.

Shida hii haiishii kwa pikipiki. Ukiteremka kutoka Mbinga kwa barabara ya lami ya kilomita 66 hivi hadi Mbamba Bay, makao ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, utawakuta wavuvi ambao injini za mitumbwi yao hunywa petroli kama ya bodaboda. Dereva aweza angalau kukipeleka chombo chake pampuni; mvuvi wa Liuli au Lituhi hawezi kuusukuma mtumbwi wake barabarani hadi sheli akauzime injini na kushuka. Kwake kidumu si ukaidi, ni sehemu ya chombo.

Mahali pa kutua

Dawa inajulikana, na nusu yake imekwisha kuanza. EWURA imelegeza masharti ya vituo vidogo vya vijijini, ambavyo havihitaji uwanja mpana wala matangi makubwa ya mjini, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukitoa mikopo nafuu kwa wanaotaka kuvijenga. Bado mfanyabiashara wa milimani husita, naye ana sababu: baada ya leseni ya EWURA ziko idhini za mazingira, za Zimamoto, za usalama kazini na za vipimo, na mauzo yake yatafuata msimu, kwa maana fedha ya Mbinga ni fedha ya kahawa, huja kwa wingi kupitia vyama vya msingi baada ya mavuno, kisha ikakauka hadi mavuno mengine. Mkopo ambao marejesho yake yangefuata msimu huo ungemsaidia zaidi kuliko ulio wa riba ndogo lakini wa kudai kila mwezi sawa.

Kwa vituo vilivyopo mjini, lililobaki halihitaji mkopo. Pampu moja itengwe kwa pikipiki, yenye sakafu tambarare na kijukwaa cha kutulia mzigo. Mabango yanayopingana yaondolewe, yabaki yale yenye hoja. Na mwenye mashine au mtumbwi, kwa barua ya serikali ya kijiji, auziwe katika chombo imara kinachotambulikana, mchana, na kwa stakabadhi. Petroli hiyo itatoka tu, kwa idhini au pasipo idhini. Bora itoke mbele ya jicho la mtu anayewajibika.

Wamatengo wamelima miteremko mikali kwa vizazi vingi pasipo kupoteza udongo wao, na hawakufanya hivyo kwa kuyakataza maji yasiteremke. Walichimba ngolo, mashimo yaliyopangwa mlimani safu kwa safu, wakayapa maji mahali pa kutua. Katazo la kidumu ni katazo la maji yasiteremke. Kituo kidogo cha kijijini ndicho ngolo yake. Nami nitaamini kwamba kazi imekamilika siku nitakapopita tena njia ile, nikaikuta meza ya miti papo hapo, na juu yake pamepangwa ndizi.