Ngitili ya Shule



Jioni hii nataka kuwaeleza habari za kuni za shule. Najua wako watakaocheka na kusema, "Mwalimu amekosa la kufundisha, ametuletea kuni!" Niwieni radhi, nisikilizeni kwanza, maana katika kuni mna hesabu, mna udongo, mna maji, na mna masomo ya watoto wetu.

Nilipokuwa mwalimu kijana katika nchi kavu, desturi ya shule yetu ilikuwa kila mtoto kuja na ukuni mmoja kila siku, wa kupikia makande ya adhuhuri. Asubuhi moja msichana mmoja alichelewa, nami nikamsimamisha nje kama ilivyokuwa kanuni. Nikamwuliza, "Ulikuwa wapi?" Akajibu kwa adabu, "Nilikwenda kutafuta ukuni wa shule, Mwalimu. Karibu na kwetu hazipatikani tena. Nimefika hata ng'ambo ya mto." Nikaona haya. Sisi ndio tuliomtuma, na sisi ndio tuliomwadhibu.

Siku ile nikapiga hesabu, nanyi wanafunzi ipigeni pamoja nami. Watoto 300, ukuni mmoja kila mtu, siku 5 za juma: ni kuni 1,500. Kwa majuma 40 ya masomo ni kuni 60,000. Je, ni nani aliyepanda hata mti mmoja badala yake? Hakuna. Basi shule ilikuwa ikila kichaka chake, nacho kilipokwisha, ikaanza kula saa za watoto.

Hasara haikomi hapo. Mahali penye majani na miti, tone la mvua huanguka juu ya majani, likashuka polepole, likazama ardhini. Mahali palipo wazi, tone hupiga udongo wenyewe, likauvunja na kuziba vitundu vyake. Maji hayana pa kuingilia, nayo hukimbia juu ya nchi yakichukua udongo wa juu, ulio na rutuba. Ndiyo sababu uwanja wa shule hufanya makorongo, shamba la shule halizai, na kisima hukauka mapema.

Sasa nawapeni mfano wa watu waliogeuza jambo hili. Katika nchi ya Wasukuma, mkoani Shinyanga, miti mingi ilikatwa zamani ili kufukuza mbung'o waletao malale, na tena kupata mashamba ya pamba. Hata hivyo wazee walikuwa na desturi yao iitwayo ngitili: sehemu ya malisho hufungwa mvua zinapoanza, asiingie ng'ombe wala shoka, na majani yake huwekwa akiba ya kiangazi. Katika miaka ya 1970 watu walipohamishiwa vijijini, ngitili nyingi ziliachwa.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI. Mabwana miti hawakuleta desturi ngeni, bali waliwasaidia wenyeji kuifufua ile ya wazee wao. Wakati huo ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Hata kufika mwaka 2004, zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Nyingine ni za jamaa moja moja, nyingine za vijiji, na nyingine ni za shule.

Labda mtauliza, miti mingi hivyo ilipandwa na nani? Sehemu kubwa haikupandwa. Mti uliokatwa mara nyingi huwa haujafa. Mizizi yake ingali hai chini ya ardhi. Ukizuia mbuzi na shoka, kisiki huchipua chenyewe, nacho hukua upesi kupita mche mchanga, kwa kuwa mizizi yake imekwisha kwenda chini kutafuta maji.

Basi shule ifanyeje? Kwanza, mwalimu mkuu, wazazi na wazee wa kijiji wakae baraza, wachague kipande cha ardhi na kuweka mipaka inayojulikana na wote. Kanuni zitoke katika baraza hilo, maana mwalimu akiwa mlinzi peke yake, atashindwa. Pili, kipande kifungwe mvua za kwanza zinapoanza. Tatu, katika kila kisiki yaachwe machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine yapunguzwe. Nne, kiangazi kikija, baraza liamue ni nani atakata majani, na kwa kiasi gani.

Neno gumu ni kungoja. Ngitili haitoi kuni mwaka wa kwanza, na watoto wataka kula leo. Kwa hiyo kazi huanza jikoni. Maharage na mahindi yalowekwe tangu usiku, yataiva upesi. Kuni zipasuliwe na kukaushwa chini ya paa, kwa sababu ukuni mbichi hupoteza moto wake kwa kukausha maji yaliyomo ndani yake. Mafiga matatu yaachwe, lijengwe jiko la udongo lenye mdomo mdogo, linaloshika sufuria vizuri, ili moto usichukuliwe na upepo. Sufuria ifunikwe. Kila ukuni unaookolewa jikoni huipa ngitili nafasi ya kukua.

Wazazi wenye mifugo wasidhani kwamba wamenyang'anywa malisho. Majani yanayofungwa masika ndiyo yatakayowaponya ndama wakati wa kiangazi. Wazee walisema, akiba haiozi.

Nanyi wanafunzi, kesho mkifika shuleni, hesabuni kuni zinazoingia jikoni kwa juma moja, kisha tembeeni mpakani mkahesabu visiki vyenye machipukizi. Andikeni hesabu hizo mbili ubaoni, wazazi wazione. Baraza lianzie hapo.

Kwaherini.