Je, Wajua? Anwani ya mashine pepe inakutajia ugonjwa wake

Je, wajua kwamba mashine pepe ikikosa mtandao nyumbani, mara nyingi ugonjwa wake umeshaandikwa kwenye skrini? Ingia ndani ya mashine, andika ip a kama ni Linux au ipconfig kama ni Windows, kisha soma namba kabla ya kubadilisha chochote. Anwani ikianza na 169.254, achana kwanza na kivinjari. Namba hiyo mashine imejipa yenyewe, kwa utaratibu uliowekwa mwaka 2005 katika waraka wa RFC 3927, baada ya kuomba anwani na kukosa wa kuigawa. Linux nyingi hazijipi hata hiyo. Unakuta mstari wa inet haupo kabisa. Maana ni ileile: maombi hayamfikii mgawaji wa anwani, au majibu hayarudi. DNS bado haihusiki.

Je, wajua kwamba kebo pepe nayo huchomoka? Kwenye mipangilio ya mtandao ya VirtualBox, programu ya kuendeshea mashine pepe, kuna kisanduku kimeandikwa Cable Connected. Tiki ikiondoka hapo, kadi ya mtandao itaendelea kuonekana ndani ya Linux, ila pembeni yake patasomeka NO-CARRIER. Anza hapo. Ni kazi ya sekunde chache.

Je, wajua kwa nini mashine yako ina 10.0.2.15, na ya mwenzako darasani ina 10.0.2.15 vilevile? Ndiyo anwani ambayo VirtualBox humpa mgeni, yaani mashine pepe, aliye katika hali ya NAT: lango ni 10.0.2.2, seva ya DNS 10.0.2.3. Washa mashine tatu kwenye kompyuta moja, zote zitakuwa na anwani hiyo hiyo na hazitagombana, kwa kuwa kila moja imejengewa mtandao wa peke yake. Wanaotengeneza programu za simu watazitambua namba hizi, maana simu ya majaribio iliyomo ndani ya Android Studio inazitumia pia.

Huo si mwigo wa bahati. Asili yake ni programu iitwayo Slirp, aliyoiandika Danny Gasparovski katikati ya miaka ya 1990. Enzi hizo mwanafunzi alipiga simu chuoni kwa modemu, akapewa dirisha la maandishi matupu na si zaidi. Slirp iliendeshwa upande wa chuo kama programu yoyote ya kawaida, bila ruhusa ya msimamizi wa mitambo, ikaligeuza dirisha lile kuwa njia kamili ya intaneti hadi kwenye kompyuta ya mwanafunzi. QEMU, programu nyingine ya mashine pepe, iliichukua kazi hiyo, VirtualBox nayo ikajengea hapo. Kwangu hii ni moja ya hadithi nzuri kabisa za programu: ufumbuzi kwa mwanafunzi asiye na haki za msimamizi ndio unaokuwezesha leo kuwasha mashine pepe na kupata intaneti bila kusanidi chochote.

Faida hiyo ina gharama yake. Katika NAT mgeni anatoka, ila hakuna wa nje anayeweza kumfikia. Ukiweka seva ya wavuti ndani ya mashine, simu yako iliyo kwenye Wi-Fi ya nyumba hiyo hiyo haitaiona, na hakuna kilichoharibika. Elekeza poti, kwa mfano 8080 ya kompyuta mwenyeji iende 80 ya mgeni, kisha simu ifungue anwani ya mwenyeji ikiambatana na :8080. Njia ya pili ni kuhamia hali ya Bridged, ambapo mashine inaomba anwani yake moja kwa moja kwa ruta.

Na hapo kwenye Bridged ndipo watu hukesha. Je, wajua kwamba Wi-Fi haikuundwa kubeba kompyuta mbili kwa kadi moja? Laptopu inapojiunga na ruta hujitambulisha kwa anwani moja ya MAC. Kifurushi kinachotoka kwenye laptopu kwenda ruta kina nafasi tatu za anwani, na nafasi ya mtumaji ni moja tu; ruta haimpokei mtumaji ambaye hakujiunga. Mashine pepe yenye MAC yake ingekataliwa mlangoni. Kwa hiyo VirtualBox hufuta MAC ya mgeni katika kila kifurushi na kuweka ya mwenyeji, na ruta inajikuta ina anwani mbili za IP kwa MAC moja. Ruta nyingine hukubali, nyingine hukubali kwa saa moja kisha hukwama, nyingine hukataa tangu mwanzo. Kipimo ni kimoja: chomeka laptopu kwenye ruta kwa kebo. Ikifanya kazi, usiiguse tena mashine. Tatizo ni Wi-Fi, na NAT yenye poti zilizoelekezwa itakuhudumia vizuri.

Ruta nyingi zina Wi-Fi ya pili ya wageni. Humo intaneti hupatikana, lakini vifaa kwa kawaida huzuiwa kuonana. Hakikisha simu na laptopu ziko kwenye mtandao mmoja kabla ya kulaumu chochote.

Je, wajua kwamba orodha ya vifaa kwenye ruta inaweza kukuonyesha jina la PCS Systemtechnik, kampuni ya Ujerumani ambayo hujawahi kununua kitu chake? Usibadilishe nywila ya Wi-Fi kwa hofu. Kadi pepe za VirtualBox huanza na 08:00:27, na fungu hilo la namba limesajiliwa kwa kampuni hiyo. Za QEMU na KVM huanza na 52:54:00, za Hyper-V 00:15:5D, za VMware mara nyingi 00:0C:29.

Je, wajua kwamba mashine mbili zilizonakiliwa kutoka moja zinaweza kugombea anwani hata baada ya kupewa MAC tofauti? Ubuntu za seva za miaka ya karibuni hujitambulisha kwa mgawaji wa anwani kwa kitambulisho kinachotokana na faili la /etc/machine-id. Ukinakili diski, umenakili na kitambulisho. Ruta inaona mteja yuleyule akirudi, inampa anwani ileile. Tengeneza machine-id mpya, au andika dhcp-identifier: mac kwenye netplan.

Ukihamisha mashine kutoka VirtualBox kwenda VMware, kadi iliyoitwa enp0s3 huweza kuamka ikiitwa ens33. Faili la mipangilio bado linalitaja jina la zamani, na kadi mpya haina wa kuiwasha.

Je, wajua kwamba amri ya ping iliandikwa na Mike Muuss mnamo Desemba 1983, akitafuta hitilafu ya mtandao kazini kwake, maabara ya jeshi la Marekani? Itumie kwa mpangilio: kwanza lango, kisha 8.8.8.8, mwisho jina la tovuti. Lango likikataa, shida iko ndani ya nyumba. Lango likijibu na 8.8.8.8 ikakataa, tazama ruta au bando. Namba ikijibu na jina likakataa, sasa ndiyo zamu ya DNS. Tahadhari moja: Windows yenyewe huwa haijibu ping, kwa kuwa ukuta wake wa moto huizuia. Ukimya wake peke yake si ushahidi wa kitu.

Kwa anayenunua bando, hili ni zito: Windows iliyo ndani ya mashine pepe inaamini iko kwenye kebo. Hata kama kwenye laptopu umeweka kwamba mtandao unalipiwa kwa kiasi, mgeni hajui, na atapakua masasisho yote. Weka mpangilio huo ndani ya mashine pia.

Je, wajua kwamba saa inaweza kujifanya hitilafu ya mtandao? Mashine iliyogandishwa miezi kadhaa ikiamka na saa iliyobaki nyuma, ping itapita na tovuti zitakataa, kwa sababu vyeti vyao vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika. Andika date, uone.

Na ukitaka rafiki aliye mji mwingine aifikie seva yako, soma kwanza anwani ya WAN kwenye ruta. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, fungu lililotengwa mwaka 2012, uko nyuma ya NAT ya kampuni ya simu, hali ya kawaida kwa ruta za laini. Kuelekeza poti nyumbani hakutasaidia hata kidogo. Omba anwani ya umma ikiwa kampuni inatoa, au kodi seva ndogo ya nje na uiunganishe na mashine yako kwa VPN ya WireGuard, mashine ikiwa ndiyo inayopiga simu ya kwanza.