Gramu Mbili za Risasi

Mshale wa Mkamba haukuhitaji kuwa mzito. Wawindaji wa Ukambani waliupaka sumu ya mti wa akokanthera nyuma ya ncha, wakauzungushia utepe wa ngozi ili sumu isikauke, na kazi ya mshale ikawa moja tu: kupenya ngozi na kuifikisha sumu kwenye damu. Sumu yenyewe ndiyo iliyousimamisha moyo. Risasi haina msaidizi wa namna hiyo. Isipoufikia moyo, mapafu au ubongo, mnyama huondoka na kidonda, akafie porini siku nyingine au ageuke kuwa hatari kwa mtu atakayekutana naye. Kwa hiyo anayeuliza risasi iwe na uzito gani anauliza, kwa kweli, itapenya hadi wapi.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mtu wa Mukuyuni, kule Ukambani, leo haruhusiwi kumpiga hata digidigi. Lakini ndovu wanapotoka Tsavo na kuingia mashambani upande wa Kibwezi na Mtito Andei, askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, huitwa, nao wana bunduki. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania bado inatoa leseni za uwindaji. Hesabu ninayoieleza hapa ni ya watu hao, na ni ya kila mkulima anayetaka kujua kwa nini mnyama aliyepigwa risasi hakuanguka.

Tuchukue risasi ya ukubwa wa kati inayojulikana sana: 7x57 ya Mauser, ambayo Waingereza waliiita .275 Rigby. Kipenyo chake ni milimita 7.2. Ilipoanza kutumika katika miaka ya 1890 kichwa chake kilikuwa kirefu, cha mviringo mbele, chenye gramu 11.2, na kilitoka mtutuni kwa takriban mita 700 kwa sekunde. Baadaye kikaja cha gramu 9.1, chenye ncha kali, kinachotoka kwa takriban mita 810. Tofauti ni gramu mbili na kitu.

Kwa nishati, chepesi kinashinda: karibu jouli 3,000 dhidi ya 2,750. Tangazo la dukani litakuonyesha hesabu hiyo na kuishia hapo. Mimi naona inapotosha. Kwa kuwa kipenyo ni kilekile, uzito unaoongezwa hauna pa kwenda ila kwenye urefu, na kila sentimita ya mraba ya uso wa risasi inapata uzito zaidi wa kuisukuma kutoka nyuma. Kichwa chepesi kina gramu 22 kwa kila sentimita ya mraba, kizito kina 27. Risasi mbili zikiwa za umbo moja na zisipobadilika umbo zikigonga mfupa, yenye 27 ndiyo itakayoingia ndani zaidi, ingawa ilikuja polepole.

Aliyelithibitisha hili kwa namna ya kutisha ni Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda ndovu Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua zaidi ya ndovu elfu moja, wengi wao kwa .275 hiyohiyo, na risasi aliyoichagua ilikuwa ile nzito, iliyofunikwa chuma kigumu isipasuke wala kutanuka. Alikuwa amepasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umelala wapi. Risasi yake ilihitaji tu kufika pale bila kupinda.

Sasa ilinganishe na .505 Gibbs, bunduki kubwa ya wawindaji wa vifaru na nyati. Risasi yake ina gramu 34, mara tatu ya ile ya Bell, na kasi yake ni ileile ya mita 700 hivi. Lakini ni nene, kiasi kwamba kila sentimita ya mraba inabeba gramu 26. Risasi ndogo ya Bell, kwa kipimo hicho, haipungui kitu mbele yake. Faida ya Gibbs ni tundu pana na kishindo kinachoweza kumyumbisha mnyama hata risasi ikikosa ubongo kidogo.

Na kishindo hicho kina thamani yake katika nchi yenye vichaka. Kati ya Agosti 1944 na Oktoba 1946 serikali ya kikoloni ilimtuma mwindaji J. A. Hunter kuwaondoa vifaru Makueni ili Wakamba wapewe ardhi ya kulima. Aliua vifaru 996. Sijui namna ya kuiandika idadi hiyo bila uchungu. Kifaru wa vichakani humwona mtu akiwa hatua chache tu, na anayemkabili hana nafasi ya kutafuta ubongo kwa utulivu kama Bell. Ndiyo sababu sheria ya Tanzania haikubali kipenyo chini ya inchi .375 kwa wanyama hatari kama tembo na nyati, na naiunga mkono kabisa. Wawindaji wengi hawana jicho la Bell.

Uzito nao hauongezwi ovyo. Mifuo ya ndani ya mtutu ndiyo inayoizungusha risasi, na kadiri risasi inavyokuwa ndefu ndivyo inavyohitaji mzunguko wa haraka ili isiyumbe hewani. Mtutu wa 7x57 huizungusha mara moja kila sentimita 22, kwa sababu ulitengenezewa ile risasi ndefu. Mtutu wenye mzunguko wa polepole utaitupa risasi hiyohiyo kiubavu.

Kwa swala au tandala mdogo ningechagua gramu 9.1, yenye ncha laini inayotanuka ndani ya kifua. Risasi nzito na ngumu humpitia swala huku na huku, ikaendelea na safari, na nyuma ya swala panaweza kuwa na ng'ombe au mtoto anayechunga. Kwa pofu, mwenye kifua kinene na mabega mazito, ningerudi kwenye gramu 11.2. Wala mtu asidanganywe kwamba risasi nzito hukata matawi bila kupinda. Kijiti kidogo huipotosha hata ile ya Gibbs, na vichakani dawa ni kungoja mnyama asogee mahali peupe.