Umeme Unaobaki Redioni

Redio ya valvu iliyokaa kimya miaka mingi isichomekwe kwenye umeme eti tuone kama bado inaimba. Jaribio hilo la dakika moja laweza kuunguza transfoma ambayo leo huipati dukani. Mara nyingi chanzo ni kopo dogo la aluminiamu: kapasita ya elektroliti.

Siri ya kopo hilo aliing'amua Karol Pollak, mhandisi wa Kipolandi aliyeomba hataza Ujerumani mwaka 1896. Aliona kuwa aluminiamu ikitiwa kwenye kimiminika kinachofaa na kupitishiwa umeme, hujijengea utando wa oksaidi usiopitisha umeme, na utando huo hubaki hata umeme ukizimwa. Katika kapasita ya volti 450 unene wake haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu ni mnene kiasi cha mara mia kuliko huo. Wembamba huo ndio unaoiwezesha kuhifadhi chaji nyingi.

Lakini utando huo hujikarabati kwa umeme. Redio ikilala miaka, oksaidi hudhoofika na kimiminika hukauka. Ukiiwasha ghafla, umeme huvuja, kapasita huchemka na hata kupasuka, huku valvu ya rektifaya na transfoma zikielemewa. Ikiwa imechoka tu, utasikia mngurumo mzito usiozimwa na kitufe cha sauti. Basi kapasita ibadilishwe kabla ya kuwasha.

Hapa ndipo watu huumia. Redio iliyochomolewa yaweza kubaki na volti 300 ndani ya kapasita, na kiasi hicho chaweza kuua. Usiunganishe chanya na hasi ya kapasita kwa bisibisi. Tumia rezista ya ohmu 10,000, wati 5, yenye nyaya zilizofunikwa vizuri. Igusishe chanya na hasi kwa sekunde kadhaa, kisha pima kwa mita. Pima tena baada ya muda, maana volti huweza kurudi zenyewe. Redio zisizo na transfoma ni hatari zaidi: chesisi zake huweza kuwa na umeme wa ukutani moja kwa moja.

Kapasita mpya iwe na volti sawa na ya zamani au zaidi, na chanya na hasi zisibadilishane. Usidhani mikrofaradi nyingi ni bora. Valvu ya rektifaya ya EZ80 haitakiwi kupewa zaidi ya 50, kwa kuwa kapasita tupu hufyonza mkondo mkubwa kila inapojaa. Ile ya zamani ikatwe kabisa kwenye saketi. Kopo lake laweza kubaki kwa ajili ya sura ya redio.

Mara ya kwanza, washa redio kupitia balbu ya nyuzi iliyofungwa mfululizo na waya wa umeme. Ikimulika kisha ikafifia, endelea kupima. Ikibaki inawaka kwa nguvu, chomoa upesi: kuna shoti.