Ramani ya Dakta Burkitt

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Muda mfupi baadaye alimwona mwingine wa namna hiyo huko Jinja. Kisu hakikufaa kitu. Uvimbe ulikua upesi mno, na watoto walikufa baada ya miezi michache.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja katika ajali, lakini akasomea upasuaji, na mwaka 1946 akahamia Uganda. Fedha za utafiti zilikuwa haba. Alianza na swali ambalo hata mwanafunzi wa jiografia angeweza kuliuliza: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo? Akazipelekea hospitali nyingi za Afrika karatasi zenye picha za wagonjwa. Majibu yalipotiwa katika ramani, ukatokea ukanda unaokata Afrika kandokando ya Ikweta, wenye mkia ulioteremka hadi Msumbiji.

Mwishoni mwa 1961 yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliufuata mpaka wa ukanda huo kwa gari kuukuu, safari ya kilometa 16,000 hivi. Karibu na Ikweta ugonjwa haukuonekana juu ya meta 1,500. Lakini kadiri walivyokwenda kusini, kimo hicho kilizidi kushuka. Kumbe kizuizi hakikuwa mwinuko, bali baridi! Palipokosa mvua pia haukuwapo. Penye joto na mvua ndipo penye mbu.

Mwaka huohuo Anthony Epstein alimsikia Burkitt akihutubia London. Vipande vya uvimbe vikapelekwa huko kwa ndege, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza virusi walivyoviona ndani ya chembe zake kwa hadubini ya elektroni. Virusi hivyo vimeenea duniani kote. Malaria ya mara kwa mara huzisumbua chembe za kinga ambamo hujificha, na hapo saratani hupata njia.

Huko Mulago, katika miaka ya 1960, Burkitt alijaribu dawa. Uvimbe ulioshinda kisu uliyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto wakapona kabisa.